MUULIZE SHANGAZI MWALIMU: Nimerudi kufundisha shule niliyosoma, bado wananituma vocha

Barua za toleo hili nyingi zimetoka kwa walimu, na tatu zinahusu jambo lilelile kwahiyo nimeziweka pamoja. Majina ya watu na ya shule nimeyatoa kama kawaida yetu, msianze kukisia.

Swali

Shikamoo shangazi. Mi ni mwalimu wa Jiografia na Kiswahili, nilimaliza chuo 2020 nikakaa mtaani nikijitolea huku napiga bodaboda, juzijuzi hapa ndo nikaenda usaili wa Sekretarieti ya Ajira nikapita. Barua ya kituo cha kazi inatoka naona jina la shule ya kata niliyosoma mwenyewe, hukuhuku kusini kwenye korosho. Form one niliingia pale 2011 nikatoka 2014, sisi ndo wale tuliopangiwa madaraja kwa GPA, merit na distinction. Nyumbani wamefurahi, bimkubwa kapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaoa.

Sasa shangazi kilichonikuta. Walimu walionifundisha wengi bado wapo. Ofisini natumwa vocha, natumwa chapati, zamu zangu haziishi, na kuna mmoja alikuwa mwalimu wa nidhamu enzi zetu na bado ndo wa nidhamu, huyu ananiita lile jina la shuleni, Kidagaa, tena mstarini mbele ya watoto. Saivi nikipita koridoni nasikia kidagaaaa alafu kimya. Juzi watoto wamechelewa, huyohuyo kanishikisha fimbo anasema haya na wewe zamu yako, nikachapa wawili mikono inatetemeka nikamrudishia, ofisi nzima ikacheka. Kuna na mdogo wangu wa mwisho yuko form two na namfundisha mimi, akipata themanini wanasema nimempa, akipata arobaini nyumbani mama ananiuliza kwani wewe unafanya kazi gani pale. Na hao watoto wenyewe nikiwaambia enzi zetu tulisoma kwa koroboi wananiangalia tu. Nilijua nikirudi nitakuwa mfano kwao. Niombe uhamisho au nivumilie?

*Mwalimu Kidagaa, Kusini*

Jibu

Marahaba mwanangu, na hongera, maana kuna wenzio wa 2020 mpaka leo wako kijiweni na digrii iko chini ya godoro.

Nianze na vocha kwasababu naona ndo imekuuma kuliko unavyotaka kukubali. Ingia kwenye lile grupu la WhatsApp la mliopangiwa vituo pamoja, waulize waliopelekwa Katavi, waliopelekwa Simiyu, mikoa ambayo hawamjui mtu hata mmoja, waulize nani anatumwa chapati ofisini kwao. Watakwambia ni wao. Mwalimu mpya Tanzania hii ndo anapewa zamu ya wiki ya mitihani, michezo, mazingira, na kuandika mihutasari ya vikao, hata kama ametoka mbinguni. Kwahiyo nusu ya hayo unayoyaona ni dharau kwasababu ulisoma pale wala hayahusiani na kusoma pale, ni ugeni tu, na akija mwingine mpya mwakani utashangaa na wewe unamtuma. Nenda kalete hizo chapati. Ila zamu zikizidi chukua ratiba ya zamu nenda kwa makamu mkuu wa shule, muulize kwa upole mbona wiki hii niko mimi na wiki ile niko mimi, hilo ni suala la karatasi na kwenye karatasi hakuna mkubwa wala mdogo.

Lakini Kidagaa mstarini hapana. Hilo lina dawa yake, na sio kikaoni, na sio kwa mkuu wa shule, maana ukimpeleka mwalimu wako kwa mkuu kwa ajili ya jina la utani kijiji kizima kitalisikia siku hiyohiyo jioni na wewe ndo utaonekana umekosa adabu. Mfuate kwake. Jioni, baada ya maghrib, amepumzika. Shikamoo ya heshima, kaa pale kwenye mkeka au kiti utakachopewa, ongea habari za shamba kwanza, alafu mwambie mwalimu, mimi wewe ndo umenilea, ukiniita Kidagaa hapa kwako au njiani naitika, ila naomba unisaidie kwa watoto, wakilisikia kwako na wao wanalichukua alafu darasani sishiki kitu. Utaona nimekwambia umuombe msaada. Wazee wetu ukiwaambia umenikosea wanakutajia orodha ya mema waliyokufanyia tangu form one, na ukiwaambia nisaidie ndio kwanza wanakaa vizuri kwenye kiti. Ninaowajua mimi, wengi wao huwa hawana habari kabisa kwamba linaumiza, wanaona wanakupenda.

Kwa watoto wa koridoni usikimbize mtu. Siku moja ukiingia darasani waambie mwenyewe, ndiyo, niliitwa Kidagaa nilikuwa mwembamba hivi, cheka nao dakika moja, alafu fungua ramani mwendelee na kontua. Jina ambalo mwenyewe umeshalisema halina utamu wa kulirusha dirishani.

Shikamoo endelea kuwapa wote, hakuna cheo kinachofuta shikamoo. Najua kuna walimu wa rika lako ofisini wanawaita hao wazee kwa jina la kwanza, na labda wanakuchekesha kwamba wewe bado mwanafunzi. Waache, wao hawajafundishwa nao. Wewe sema mwalimu fulani, kwa jina la pili, inatosha.

Na hapa nataka nikuombee wazee wako kidogo. Wewe uliingia 2011. Shule za kata zilikuja kwa fujo kuanzia 2004 ule mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, ulipoanza, wazazi wakabeba mawe na tofali, baba yako pengine alibeba, madarasa yakasimama na walimu hakuna. Ndo wakaletwa vijana waliomaliza form six, wakapewa mafunzo ya muda mfupi sana, wakatupwa vijijini, mitaani wakawaita walimu wa vodafasta na shule zenyewe zikaitwa yeboyebo. Angalia vizuri hapo ofisini, naamini mmoja wao yupo. Huyo anayekutuma vocha inawezekana alifika pale ana miaka ishirini na mbili, akafundisha masomo matatu form one mpaka four peke yake, akajiendeleza Chuo Kikuu Huria kwa hela yake mwenyewe. Alafu Februari 2013 yakatoka yale matokeo ya form four ya 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima wakapata divisheni sifuri mpaka serikali ikaamua yafutwe yapangwe upya. Wewe ulikuwa form three hapohapo, umbali wa ukuta mmoja. Uliona walimu wako walivyotukanwa mwaka ule? Redioni, kwenye daladala, msikitini, kanisani. Na bado mwaka uliofuata waliingia darasani kwenu na kundi lenu ndo likakutoa wewe. Mtu wa hivyo akikuona umevaa shati la kuchomekea umekaa meza ya jirani ana haki ya kukuonyesha kwa watu kidogo, wewe ni matokeo yake. Anakuonyesha vibaya, ndiyo, lakini kitu anachokionyesha ndo hicho.

Sasa fimbo. Hapa sina utani.

Kanuni za adhabu ya viboko za 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, viboko havizidi vinne, kosa liwe kubwa, msichana achapwe na mwalimu wa kike labda kama shule haina kabisa mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Wewe una hiyo karatasi ya mkuu? Huna. Wale wawili waliandikwa kwenye kitabu? Najua jibu. Na wewe uko kwenye mwaka wa majaribio, hujathibitishwa kazini, siku mtoto akivimba mkono na mzazi akaenda polisi hakuna mtu ofisini atakayesema mimi ndo nilimshikisha fimbo, jina litakaloenda Tume ya Utumishi wa Walimu ni lako wewe. Kwahiyo siku nyingine akikupa fimbo usitoe hotuba ya haki za watoto, mwambie mwalimu mimi sina kibali cha mkuu, niachie hawa nitabaki nao saa tisa wafidie kipindi walichokosa. Na kweli ubaki nao. Wakicheka wacheke. Kucheka kwenyewe hakukunishangaza, mwanaume uliyechapwa na huyuhuyu mwalimu, mahali hapahapa, unashikishwa fimbo ileile, mkono usipotetemeka ndo ningekuwa na wasiwasi na wewe.

La mdogo wako ni jepesi. Mwendee mwalimu wa taaluma mwombe mbadilishane mkondo na mwalimu mwingine wa Kiswahili, kama form two ni mkondo mmoja tu basi karatasi zake asahihishe mwenzio na maksi aingize mwenzio. Fanya hivyo kabla ya midterm, iandikwe. Alafu Novemba kuna upimaji wa kidato cha pili, ule unatungwa na baraza la mitihani, NECTA, na husahihishi wewe, atakachopata huko kitawanyamazisha wote akiwemo mama. Na mama mwambie kwa mapenzi kabisa kwamba mambo ya maksi za mtoto aje shule siku ya wazazi kama wazazi wengine.

Nimeacha koroboi mwisho kwasababu kwa maoni yangu hapo ndo penye tatizo lako haswa, hayo mengine yatapungua yenyewe. Mwanangu wewe umerudi kumfundisha Kidagaa wa 2012. Unaingia darasani unamtafuta, yule mtoto mwembamba aliyerudishwa nyumbani kwasababu ya ada ya elfu ishirini, unataka umwambie yale ambayo hakuna aliyekuambia. Hayupo. Hawa wa mbele yako ada hawaijui, imefutwa tangu 2016, wako wengi darasani kuliko mlivyokuwa nyie, nyumbani kuna simu hata kama ni ya kaka, mtaala wenyewe umebadilishwa na mpya umeanza kutumika kwa awamu tangu 2024. Kuna binti hapo nyuma amerudi baada ya kujifungua, enzi zenu huyo alikuwa amefutwa shule na hakuna aliyeuliza, ruhusa ya kurudi imetoka Novemba 2021. Anahitaji mwalimu anayejua kwamba saa nane anawaza mtoto aliyemwacha kwa bibi. Ukimwambia enzi zetu tulivumilia anakusikia kama unamwambia habari za Wajerumani.

Hata ile sentensi tamu ya kwamba mimi nilikaa dawati hilohilo, itumie mara moja. Ukiirudia wanaanza kuihesabu.

Ila kuna kitu unacho wewe na mwalimu aliyetoka Kilimanjaro hana, na sijaona kwenye barua yako kama umekitumia. Wewe unajua korosho. Unajua kuanzia Oktoba darasa linaanza kupungua kwasababu watoto wako shambani wanaokota, na wengine wanaokota kwa watu ili wapate hela ya sare, na ndo miezi ileile ambayo form two na form four wanaingia kwenye mtihani. Unajua likizo ya unyago inapovuka shule ikafunguliwa ni vitongoji gani watoto hawaji. Unajua nani anavuka bonde kuja shule na mvua zikianza hafiki. Mwalimu mgeni anaandika mtoro kwenye daftari la mahudhurio, anaita mzazi, mzazi haji, basi. Wewe peleka hoja hiyo kwenye kikao cha taaluma mapema, Julai au Agosti, kwamba mada ngumu tuzimalize kabla ya Oktoba, na kwamba nipeni mimi niende kuongea na wazee wa vile vitongoji kwakuwa wananijua mtoto wa nani. Hapo ndo utaona ofisi inakugeukia kama mwalimu. Unapokuwa wa kwanza kusema kitu ambacho mwalimu wa nidhamu hana jibu lake, Kidagaa anakufa kifo cha kawaida.

Uhamisho usiombe sasa. Subiri uthibitishwe kazini kwanza, baada ya hapo kama roho bado haitaki ingia ESS, ule mfumo wa watumishi wa mtandaoni, utafute wa kubadilishana naye, wilaya ya jirani tu panatosha. Baba wa Taifa mwenyewe alisoma Tabora Boys, alipotoka Makerere akarudi Tabora kufundisha, ila St. Mary's, mji uleule shule nyingine. Mimi naona ule ni umbali mzuri sana.

Swali

Shangazi shikamoo, nakusoma kutoka Kilifi, Kenya. Mimi nafunza JSS, ile sekondari ya chini iliyoanza 2023, na kwa kuwa zimewekwa ndani ya shule za msingi nimejikuta katika shule niliyofanyia KCPE, mtihani wa mwisho wa darasa la nane. Mwalimu mkuu ndiye alinifunza darasa la nane. Shida ni kuwa sisi walimu wa JSS hatuelewani naye, twataka JSS ijisimamie na tusiwe chini ya shule ya msingi, basi wenzangu wakiwa na jambo hunituma mimi, nenda wewe atakusikia ni mwalimu wako. Naye akiwa na lake huniita ofisini kuniuliza wenzako wasemaje. Nafanyaje?

*Mwalimu wa katikati*

Jibu

Marahaba mwanangu. Acha kwenda, na acha kuitika.

Hilo la JSS kujitegemea ni la nchi nzima yenu, lina Wizara, lina TSC, tume inayoajiri walimu wenu, lina vyama vya walimu, na halitaisha kwasababu wewe ulikuwa unakaa dawati la mbele darasa la nane. Wenzio waambie mkiwa na jambo tuandike barua tusaini wote, tuingie ofisini wote, mimi nitakuwa wa tatu au wa nne kuongea. Na mwalimu mkuu akikuita kukuuliza wenzio wanasema nini, mwambie mwalimu, wameniambia watakuja wenyewe kukueleza, alafu muulize hali ya watoto wake. Akikasirika atakasirika siku mbili. Mwalimu aliyekufundisha vizuri anajua tofauti ya mwanafunzi aliyemkatalia na mwanafunzi aliyemdanganya, na ukiendelea kukaa katikati utafika mahali lazima umdanganye mmojawapo.

Ukumbuke pia kama bado uko kwenye mkataba wa intani, anayeandika ripoti yako ni nani. Sisemi uogope, nasema usijitolee kuwa wa kwanza kwenye kila mstari wakati kuna wenzio wameshaajiriwa moja kwa moja na wamekaa kimya nyuma.

Swali

Mwalimu mwenzangu habari za kustaafu. Mimi bado nipo kazini, nina miaka 57, Hisabati na Fizikia. Mwaka huu tumeletewa mkuu wa shule mpya, na huyo mkuu ni binti niliyemfundisha mwenyewe hapahapa, hesabu alikuwa hajui mpaka nilipomkalisha jioni. Sasa ananidai andalio la somo! Mimi! Anasema kila Jumatatu asubuhi liwe mezani kama walimu wengine. Na ametaka funguo za stoo ya maabara ambazo nimekaa nazo tangu stoo hiyo ijengwe. Kwenye kikao nilimwita mwanangu akanyamaza kidogo akasema tuendelee na ajenda. Nimejisikia vibaya sana. Naomba uwaambie hawa watoto.

*Mwalimu Mkongwe*

Jibu

Salama kaka yangu, za kustaafu ni nzuri, nalala mpaka saa mbili.

Ungekuwa shule moja na Kidagaa wa barua ya kwanza ningewapatanisha bure, mngefaa sana kuwa meza moja. Haya. Andalio la somo andika. Najua somo la milinganyo kwadratiki unaweza kulifundisha umelala, na yeye anajua, alikuwa mbele yako. Lakini fikiria akikuacha wewe peke yako usilete, Jumatatu inayofuata yule kijana wa Baiolojia naye hataleta, na akiulizwa atakuonyesha wewe kwa kidole, alafu huyo binti atakuwa mkuu wa shule anayeogopa mwalimu wake. Wewe ndo ulimkalisha jioni mpaka akajua hesabu, hukumkalisha ili aje kukuogopa. Kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, anayekupima ni yeye, miaka 60 haiko mbali, na mafaili ya mstaafu mtarajiwa yakienda halmashauri hujui ni saini ya nani utakayoikimbilia. Nakusemea kama mtu aliyepita njia hiyo ya mafaili.

Alivyonyamaza pale kikaoni mimi nimempenda. Hakukukatalia kwamba yeye sio mwanao, hakukuitikia pia mbele ya walimu, akaendelea na ajenda. Mwite mkuu au madam mkiwa kazini na mwanangu mkiwa msibani au harusini, na nina hakika huko yeye ndo atakuwa wa kwanza kukuamkia na kukutafutia kiti. Kama una la kumwambia kuhusu anavyoendesha shule, na nadhani unalo maana unaijua ile shule kuliko yeye, mwombe nusu saa ofisini kwake mlango ukiwa umefungwa.

Na stoo ya maabara mkabidhi, ila msikabidhiane funguo mkononi hivihivi. Ingieni wote wawili na mtunza stoo, hesabuni darubini, bika, chupa za asidi, vilivyovunjika viandikwe vimevunjika, msaini nakala mbili na moja ubaki nayo wewe.